Ijumaa ya Kusafisha Makaburi

Oleta alikuwa na moyo mwema, na alihakikisha kila mtu katika bonde lile la Kentucky analijua hilo. Kwa wiki ya tano alikuwa akimpeleka Verlene, mjane wa kaka yake, hospitali ya mjini, mwendo wa saa mbili kwenda na mbili kurudi. Kanisani aliombewa dereva kwanza, mgonjwa baadaye. Verlene alimdharau kupita kiasi, na alimhitaji vilevile, jambo lililozidi kumuudhi.

Saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshasambaa hata kisu cha upasuaji hakifai. Daktari aliamua dripu ya dawa kila Jumatatu na mionzi siku tano kwa wiki, vyote pamoja, maana dawa huulegeza uvimbe na mionzi huumaliza. "Usiruke hata siku moja," alimwonya. "Ukiupumzisha, unapata nguvu."

Alhamisi, walipofika nyumbani, Oleta hakuzima gari.

"Kesho siji, wifi. Tunasafisha makaburi, Jumapili ndiyo siku ya kuwawekea wafu maua."

"Kesho nina mionzi."

"Siku moja tu! Kwani mashine itakimbia?"

"Na wafu je, watakimbia?"

"Mumeo yuko pale, Verlene. Huoni hata haya?"

"Alipokuwa hai hakuwahi kufika mezani kwa wakati hata siku moja. Leo naye asubiri."

Ijumaa Verlene akaliwasha mwenyewe pikapu kuukuu la marehemu mumewe. Alitapika mara mbili kando ya barabara ya mlimani. Kisha akanywa chupa nzima ya maji, kwa sababu mionzi hutaka kibofu kijae, na kwa kila shimo barabarani alimtukana Oleta kwa jina lake kamili. Alifika amechelewa. Wakamlaza, mashine ikamzunguka, na mara ya ishirini na tano ikahesabiwa. Alilia pale pale kitandani, kwa hasira na kwa furaha, wala hakujali nani anamwona.

Jioni simu ikalia. Sauti ya Oleta ilikuwa tamu.

"Wifi, tumekukumbuka! Pale kando ya kaka tumeng'oa magugu yote, na mawe tumetoa. Nafasi yako iko tayari, udongo laini kabisa."

"Laini eeh?"

"Laini, mpenzi."

"Basi pandeni viazi," Verlene alisema. "Mimi Jumatatu nina dripu."