Kandambili Kwenye Benchi

"Kumi na saba, kumi na nane," Dakika alihesabu, kalamu ikiruka kutoka kandambili moja hadi nyingine. Zilikuwa zimepangwa kwenye benchi la zahanati, za mguu mmoja tu, kila moja ikimshikia mwenyewe nafasi. Wenyewe walijibanza kwenye kivuli cha ukuta, mguu mmoja umevaa, mwingine peku, wakipiga soga kana kwamba hawakupata ujumbe wowote.

Ujumbe walikuwa wameupata. Dakika, mtafiti wa uchumi wa afya aliyebandikwa jina hilo kwa kupima kila kitu kwa muda, alitumia miaka miwili kuunda mfumo wa kumjulisha mgonjwa kwa simu saa ya kufika, asipoteze siku nzima akisubiri. Ijumaa mkuu wake angekuja kujionea. Foleni isipopungua, mradi ungefungwa. Leo ilikuwa Jumatano, na Dakika aliogopa kwelikweli.

Kandambili ya kumi na tisa aliitambua: ya bluu, kamba imeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Shangazi, hata wewe?"

"Salamu kwanza, mwanangu."

"Shikamoo."

"Marahaba. Ndiyo, hata mimi."

"Si umeambiwa uje saa tisa?"

"Nimeambiwa na nani? Na simu hiyohiyo iliyoniambia juzi nimeshinda pikipiki?"

Ukuta mzima uliangua kicheko. Dakika naye alicheka, ingawa maneno hayo yalimchoma.

"Sasa akuambie nani ndiyo ukubali?"

Shangazi alinyoosha kidevu kuelekea dirisha la mapokezi, alikokaa karani aliyeita majina ya wagonjwa kwa miaka ishirini. "Yule akisema kaa, mimi nakaa."

Mchana huo Dakika alimwingiza karani kwenye stoo ya dawa, akafunga mlango, akamsogezea simu mdomoni.

"Sema kama unavyosema siku zote."

"Siku zote nafoka."

"Basi foka, mama."

Wakarekodi saa zote za kazi, moja baada ya nyingine, ili mfumo uwapigie wagonjwa kwa sauti hiyo. "Wewe. Zamu yako ni saa tisa. Kaa nyumbani. Nafasi yako ninayo mimi."

Ijumaa saa nne mkuu alifika akakuta ukumbi mtupu. "Wagonjwa mmewafukuza?"

"Wako makwao," Dakika alisema. "Subiri kidogo."

Saa nne na robo aliingia fundi cherehani, akapita moja kwa moja hadi kwa daktari. Saa nne na nusu, mama mwenye mapacha. Mkuu alitazama saa yake, akatazama orodha, akatazama saa tena. "Endeleeni," alisema. Dakika alitamani kumkumbatia, akajizuia.

Karani alitoka dirishani, akaketi kwenye benchi kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akavua viatu. Pembeni yake ilikuwepo kandambili moja ya bluu.

"Shangazi yako ameileta alfajiri, akarudi kwake mguu mmoja peku," alisema. "Usiiguse. Nimemwahidi."

Jua lilikuwa limeanza kufika mwisho wa benchi. Karani aliisogeza kandambili kivulini, karibu na paja lake.