Kura ya Abigael

Kwa miaka tisa Jeconia Ochanda na Abigael Nyanchama walifanya kazi katika chumba kimoja, ghorofa ya pili, kwenye ofisi ndogo ya wapima ardhi mjini Kisii. Jeconia alichora ramani za mashamba yanayogawanywa baina ya ndugu. Abigael alikuwa katibu. Alipiga chapa barua, alipokea simu, na aliwatuliza wateja waliopanda ngazi wakiwa wameshagombana kuhusu mpaka. Chumba kilikuwa na meza mbili na dirisha moja ambalo halikufunguliwa, kwa sababu upepo ulipeperusha karatasi na kelele za stendi zilimzuia Abigael kusikia simu.

Jeconia alikuwa mvutaji wa sigara, na hakuna aliyeona ajabu. Alitoka upande wa Oyugis, mtu mpole, hodari wa kazi yake, na sigara ilikaa ukingoni mwa meza yake kama vile rula na penseli. Yeye na Abigael waliitana kwa majina ya watoto wao: Baba Akumu, Mama Bravin. Mkewe Jeconia, Margret, alikuwa akimletea Abigael samaki, naye Abigael akimrudishia unga wa wimbi kutoka kwao Suneka. Margret alipofariki ghafla kwa shinikizo la damu, Abigael aliomba ruhusa kazini, akaenda kulala matangani siku tatu pamoja na wanawake wa huko, ingawa hakuelewa hata nusu ya walichosema kwa Kijaluo.

Miezi minne baada ya mazishi hayo, maofisa wa afya walipita katika jengo lile wakigawa karatasi. Mathew Mokua, mwenye ofisi, aliwaita wote watano.

"Wanasema hakuna kuvuta sigara ndani ya ofisi," Mathew alisema. "Mimi sitaki ugomvi na mtu. Tuongee, halafu tupige kura."

Phanice, mhasibu, ndiye aliyekuwa mdogo wao kwa umri. "Bosi, hii ni sheria. Sheria hatuipigii kura. Na si ya jana, imekuwako tangu nikiwa shule ya msingi."

"Sasa mzee ashuke ngazi mara kumi kwa siku, asimame kwa mvua kama mbuzi?" alisema Job, mpimaji. "Mtu amezika bibi juzi. Kuwa na utu, Phanice."

"Utu ninao. Lakini hata Mama Bravin ni mtu. Nani amemuuliza?"

Tryphosa, aliyefagia ofisi na kupika chai, alisema yeye yuko na Phanice, maana hata mapazia yalikuwa yamegeuka rangi. Job alikuwa upande wa Jeconia. Jeconia mwenyewe aliinua mkono kidogo tu, akauteremsha, akabaki akitazama viatu vyake. Ikawa wawili kwa wawili. Wote wakamgeukia Abigael.

"Mimi ndiye ninakaa naye," Abigael alisema. "Mwacheni. Tutafunga mlango, moshi usiwafikie ninyi. Baba Akumu ameona ya kutosha mwaka huu."

"Mama, mlango ukifungwa huo moshi utaenda wapi?" Phanice aliuliza.

Mathew alisema jambo limekwisha. Karatasi ya maofisa wa afya ikabandikwa kwenye korido.

Jioni hiyo Jeconia alitaka kumshukuru Abigael. Alimshika mkono tu. Abigael akamwambia aende nyumbani akale.

Mwezi ukapita, kisha mwaka, kisha miaka mitatu. Mlango ulifungwa kila siku kama walivyokubaliana. Siku za upweke Jeconia alimaliza pakiti nzima kabla ya saa kumi. Abigael alianza kukohoa mwaka wa pili, kikohozi kikavu kilichomjia alasiri.

"Pole, Mama Bravin," Jeconia alikuwa akisema.

"Ni vumbi ya haya mafaili."

Jeconia aliipokea sababu hiyo haraka. Mafaili yalikuwa na vumbi kweli. Kuna siku alimsikia akikohoa kwenye korido, muda mrefu, kama mtu aliyetoka nje makusudi ili asisikike. Aliporudi macho yake yalikuwa na machozi. Jeconia alimsogezea chupa yake ya maji, akaendelea kuchora.

Mwaka wa nne Abigael alianza kukonda. Madaktari walimtibu nimonia. Walimpima kifua kikuu mara mbili, hawakukipata. Kisha akapelekwa hospitali kubwa nje ya kaunti, akapigwa picha, na hakurudi tena kazini. Phanice ndiye aliyeleta habari. Alisimama mlangoni mwa chumba bila kuingia, akasema, "Ni saratani ya mapafu," akaenda zake.

Jeconia alikaa wiki mbili bila kwenda kumwona. Kila siku alijiambia kwamba kesho atakwenda. Mwishowe, Jumapili moja, alikwenda Suneka. Sokoni alisimama nyuma ya kibanda kimoja, akavuta sigara mbili moja baada ya nyingine ili apate ujasiri, kisha akateremka njia ya migombani hadi kwa Abigael.

Mumewe, Ombati, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa la Sabato. Alimkuta Jeconia uani, hakumpa mkono.

"Daktari aliniuliza mama huyu amevuta sigara miaka mingapi," Ombati alisema. "Nikamwambia hajawahi hata kuishika. Akauliza, nani anavuta nyumbani? Nikasema hakuna. Akauliza, na kazini?" Alimtazama Jeconia. "Alisema hawezi kuapa kwamba ndicho chanzo. Lakini aliandika."

"Mwalimu, mimi..."

"Ingia. Amekuulizia mara mbili."

Abigael alikuwa ameketi kitini, mito imepangwa mgongoni mwake, maana hakuweza tena kulala chali. Alipomwona alitabasamu. Jeconia alipiga hatua tatu kumwendea. Harufu ya koti lake ikatangulia, na Abigael akaanza kutafuta pumzi kwa mdomo wazi, mkono mmoja kifuani, mwingine umenyooshwa mbele kumzuia. Ombati alikimbia kufungua dirisha. Ilichukua muda mrefu kabla pumzi haijamrudia, na muda huo wote Jeconia alisimama katikati ya chumba akiwa hajui aende wapi.

"Rudi hapo mlangoni, Baba Akumu," Abigael alisema hatimaye. "Ongea ukiwa hapo."

Alirudi mlangoni. "Nisamehe, Mama Bravin."

"Ile kura nilipiga mwenyewe. Hakuna mtu alinishika mkono." Alipumzika. "Nilidhani ni ya mwezi mmoja, miwili. Moyo wako upoe. Halafu utatoka mwenyewe uwe unavutia nje."

"Ungeniambia tu. Ningetoka siku hiyo hiyo."

"Ningekuambiaje? Nilishasema mbele ya watu, mwacheni." Alimtazama bila hasira, na hilo lilimuumiza Jeconia kuliko kama angemfokea. "Nilikuwa nakohoa huku nakuangalia. Nasema, leo atasimama. Leo atachukua pakiti yake atoke. Wewe ulikuwa unasema pole. Unasema pole, halafu unawasha ingine."

"Inatosha, mzee," Ombati alisema. "Anachoka."

"Siku nyingine uje ukiwa umeoga," Abigael alisema, akijaribu kucheka kidogo, na kicheko hicho kikamrudisha kwenye kikohozi. Jeconia aliondoka akisikia kikohozi hicho mpaka njiani.

Sokoni aliingia choo cha shimo nyuma ya mkahawa, akatumbukiza pakiti na kiberiti humo. Hakuvuta siku hiyo wala iliyofuata. Mikono ilimtetemeka hata ramani ya shamba moja la Marani ikabidi irudiwe, maana mistari ilikwenda upogo. Alifua nguo zake zote, mara mbili. Koti alilichoma. Alimpigia simu bintiye Akumu, aliyefanya kazi Kisumu, akamwambia anaacha. Akumu, ambaye alikuwa amemwomba jambo hilo tangu akiwa mtoto, alimtumia shati jipya la bluu kwa basi.

Jumapili ya pili, siku kumi na nne kamili, alioga, akavaa shati lile, akajinusa viganja. Alikuwa anafunga mlango wake wakati Job alipompigia.

"Mzee, umesikia?" Job alisema. "Mama Bravin ametuacha. Jana, wakati wengine walikuwa kanisani."

Mazishini Suneka, watu wa ofisi walipoitwa wazungumze, Mathew alisema marehemu alikuwa mchapakazi, mnyenyekevu, mtu asiyependa ugomvi. Hakusema lingine. Phanice alikataa kipaza sauti. Jeconia alisimama nyuma kabisa, amevaa shati lake la bluu, na hakuna aliyemwita mbele. Bravin, mwanawe Abigael aliyekuwa chuoni, alipita kando yake akibeba viti, akamsalimu kwa heshima. Hakujua, au alijua akasalimu vivyo hivyo.

Wiki mbili baadaye Ombati alikuja ofisini kuchukua vitu vya mkewe. Phanice alikuwa ameshavipanga katika katoni: kikombe, viatu vya ndani, Biblia ndogo, picha ya Bravin akiwa darasa la nane. Ombati alivitazama vyote kwa utulivu. Kisha akaona nyuma ya mlango sweta ya rangi ya zambarau, ambayo Abigael alikuwa akivaa asubuhi za baridi. Hakuna aliyekumbuka kuiweka katika katoni.

Aliitungua, akajifunika nayo uso kwa mikono miwili. Alikaa hivyo kidogo. Alipoiondoa, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nilidhani itakuwa na harufu yake," alisema.

Jeconia aliinuka kitini.

"Miaka miwili iliyopita nilimshuku," Ombati aliendelea, bila kumtazama. "Kila jioni alikuwa anakuja nyumbani akinuka hivi. Mzee mwenzangu wa kanisa akaniuliza kama mama anavuta kwa siri. Nikamuuliza mke wangu. Mimi, Bwana Ochanda, nilimuuliza mke wangu swali hilo, mtoto akisikia. Alilia sana. Akasema ni wateja. Hakukutaja."

"Hakuniambia hilo," Jeconia alisema. "Naapa, Mwalimu, hakuniambia."

"Najua hakukuambia." Sasa alimtazama. "Lakini nataka uniambie kitu kimoja. Ulijua anakohoa?"

Jeconia alifikiria mafaili na vumbi lake. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa limekaa hapo miaka miwili. Alilimeza.

"Nilijua," alisema.

Ombati alitikisa kichwa polepole. Aliirudisha sweta pale ilipokuwa imening'inia, akanyoosha vizuri mikono ya sweta hiyo, akabeba katoni, akatoka. Jeconia alisikia viatu vyake vikishuka ngazi, kisha vikasimama, kisha vikapanda tena. Ombati aliingia, akaitungua ile sweta, akaikunja, akaibana kwapani. Akashuka nayo.

Jeconia alibaki amesimama kati ya meza mbili, mikono mitupu, mpaka Phanice alipokuja kumwambia kwamba chini kuna ndugu wawili wanagombania mpaka na wanataka kuonyeshwa ramani.