Mikono ya Mashineni

Karani wa mahakama hakumwamini mtu. Kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya watu walioapa kusema kweli, na baada ya miaka tisa aliona hata salamu zina hila. Kwa hiyo mwanawe, Bonge, alipofikisha miaka miwili na nusu bila kutamka neno, hakujiuliza mtoto ana nini. Alijiuliza ni nani aliyemfanya hivyo.

Nesi wa kliniki alimwandikia karatasi: mtoto apelekwe akapimwe masikio. Karani akaikunja, akaitia mkobani, ikakaa humo miezi minne. Masikio ya nini? Si mlango ukibamizwa anashtuka? Tena nesi huyo alikuwa shoga wa wifi yake, na wifi ndiye aliyeshinda na mtoto kwenye mashine yake ya kusaga nafaka. Wale wawili walikuwa na lao jambo.

"Leo amesema chochote?" alimuuliza wifi kila jioni.

Wifi aliangalia pembeni. "Amecheza tu, wifi yangu."

Amecheza tu! Karani aliyajua majibu ya namna hiyo. Aliyaandika kila siku.

Jumanne moja akaaga kazini kwamba kichwa kinamgonga, akaenda mashineni bila taarifa. Akanyata uani, akachungulia dirishani. Wifi na Bonge walikuwa wameketi juu ya magunia, weupe kwa unga hadi kwenye nyusi. Mtoto akagusa kidevu. Wifi akampa maji. Mtoto akazungusha ngumi hewani. Wifi akapishanisha mikono kifuani: mashine imezimika. Bonge akanuna, kisha akacheka. Zilikuwa ishara za wasagaji, maana mashine ikinguruma hakuna anayemsikia mwenzake.

Karani akaingia mbiombio. "Leo nimekukamata! Ndiyo maana mwanangu hasemi. Umemfundisha ububu!"

Wifi hakujitetea. "Umeme umekatika tangu asubuhi. Sikiliza kulivyo kimya. Haya, muite mwanao."

Bonge alikuwa ameshateremka, amewapa mgongo, anachota unga kwa kopo. Mama akamwita. Akamwita tena kwa jina lake halisi, kisha kwa sauti iliyomtoa jirani mlangoni. Bonge aliendelea kuchota.

Karani akaketi juu ya gunia, bila kujali sketi yake ya kazini. "Lakini mlango ukibamizwa..."

"Anausikia kwa miguu. Sakafu inatikisika."

"Ulijua?"

"Tangu mwaka jana. Nilimwomba nesi akwambie yeye. Ningesema mimi, ungedai nimemroga."

Karani alijua ni kweli. Angedai hivyohivyo, tena mbele ya ukoo mzima. Miezi minne! Akaitoa ile karatasi mkobani.

"Twende naye kliniki sasa hivi," akasema. "Na wewe uje. Wewe ndiye unayejua anachosema." Kisha akauliza polepole, "Na mimi? Ananiitaje?"

Wifi akajipangusa unga nyusini. "Hiyo hatukumfundisha sisi. Ameibuni mwenyewe."

Akamgusa Bonge begani, akamwonyesha nani amekuja. Mtoto akageuka. Akakunja uso, akafinya macho, akatazama kwa upande kama anayemvizia mwizi. Kisha, kwa furaha ya aliyekwisha kumtaja mama yake, akanyoosha mikono abebwe.