Joho la Kumi na Mbili

Majoho kumi na mawili yalining'inia kwenye kamba, na kwaya ilikuwa na waimbaji kumi na mmoja.

"Dada, huyu wa kumi na mbili ni malaika, au ulikata ukisinzia?" aliuliza mwalimu wa kwaya, akihesabu tena kwa kidole.

Fundi cherehani alilitandaza mezani joho la mwisho. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka nusu inchi. Hilo halikuwa kosa la mkasi. Mwenye bega la namna ile alimjua mmoja tu: mdogo wake, aliyekuwa akiimba sauti ya pili, mpaka mwaka ule ambao hakuja kumzika mama yao. Alituma shada la maua tu.

Fundi alikuwa Mkristo wa viti vya mbele. Lakini kila Jumapili, Sala ya Bwana ilipofika penye kusamehe, koo lilimwasha ghafla, akakohoa mpaka mstari upite. Miaka sita ya kikohozi, na hakuna daktari aliyeambiwa. Bwana alisema saba mara sabini. Yeye ile ya kwanza tu ilikuwa imemkaba. Sasa mikono yake, bila kumwomba ruhusa, ilikuwa imemshonea mdogo wake joho.

"Tulifumue basi, kitambaa kisipotee," mwalimu alisema.

"Liache."

Mwalimu alipoondoka, fundi alimpigia simu mdogo wake.

"Ni mimi. Nataka vipimo vyako."

"Dada?"

"Kifua, kiuno, urefu. Bega nalikumbuka."

"Nimenenepa, dada. Tepu yako haitafika." Mdogo mtu alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Siku ile nilifika mpaka stendi. Nikaogopa kuliona jeneza. Nikapanda basi nikarudi. Nisamehe."

Fundi aliyatafuta maneno makali aliyoyanoa miaka yote ile. Hakupata hata moja lenye makali. Alichokipata ni kumbukumbu ya jinsi upande wake wa kushoto, pale kaburini, ulivyokuwa mtupu na baridi.

"Hata mimi niliogopa," alisema. "Nilitaka mtu wa kumshika mkono. Nilikutaka wewe." Akaivuta tepu shingoni. "Nimekusamehe, mdogo wangu. Ila vipimo vya simu havifai. Njoo nikupime."

"Lini?"

"Jumamosi. Jumamosi nafunga mapema," alisema fundi, ambaye Jumamosi ndiyo siku wateja walimpangia foleni mpaka nje.