Mkwe Asiyetazamwa

Eneless aliposikia kikohozi cha mkwewe kwenye njia ya ziwani, aliiacha njia, akaingia kwenye shamba la muhogo na kugeuza mgongo. Ndoo kichwani iliyumba, maji yakamtiririkia shingoni, hakujali. Ng'ambo ya majani Ngosa naye alikuwa ameshachutama, uso ameuelekeza ziwani, akingoja mama mkwe apite. Wakabaki hivyo, kila mmoja akimngoja mwenzake, mpaka jirani yao Nsama, aliyekuwa akirudi na kapu la samaki, akaangua kicheko.

"Mayo Eneless! Mnalala hapo leo? Haya, nitawavusha kama ng'ombe. Mkwe, usigeuke. Mama, pita mukwai, tafadhali!"

Hebu nikutegee: kuni zangu huzipasua, paa langu huliezeka, ugali wangu huula, na sura yake siijui. Ukishindwa usinipe mji, mji nitaupeleka wapi? Jibu ni mkwe. Kule Nchelenge miaka ile mwanamume ndiye aliyemfuata mke kwao. Alijenga nyuma ya nyumba ya mama mkwe na kumtumikia, na mpaka siku ya kuingizwa rasmi, kwa pombe ya ulezi na ngoma, wawili hao hawakutazamana wala kutajana majina.

Ngosa alikuwa mvuvi wa upande wa pili wa ziwa, kwa Wabelgiji. Alimpenda Matildah, binti pekee wa Eneless, akatuma mshenga na kukubaliwa. Kwa misimu miwili Eneless alimjua kwa kikohozi chake, kwa mlio wa shoka lake, na kwa kuni alizozipanga vizuri, ncha zote upande mmoja. Samaki wa kwanza kutoka wavuni, mpale mnono, ulikuwa wa mama mkwe. Alimkuta mlangoni amefunikwa jani la mgomba, na aliyemleta ameshatoweka. Mtoto wa kuzaa gani angefanya zaidi? Wakati mwingine, akisikia kicheko cha kijana huyo nyuma ya ukuta, Eneless naye alijikuta akitabasamu peke yake juu ya chungu.

Kisha serikali ikaanza kuuliza watu wametoka wapi. Tarishi wa boma alipita kijiji hadi kijiji: kila mwanamume wa ng'ambo afike ofisini. Aliyeoa huku atapewa kibali cha kukaa, mradi mkubwa wa upande wa mke aje ashuhudie ndoa. Asiye na shahidi atarudishwa kwao.

Baba yake Matildah alikuwa kaburini. Mjomba wake Mpundu, ambaye ndiye mwenye neno, alikuwa kwenye migodi ya shaba na angerudi baada ya mavuno. Alibaki Eneless.

"Nisikilize," Nsama akamwambia. "Pika pombe hata ya kibuyu kimoja. Mwingize mkwe leo, mtazamane, yaishe. Huko boma hawajui mambo yetu."

"Nimwingize kama mbuzi anayekimbia mvua? Bila Mpundu, bila ngoma? Huyo mtu wa watu hajanikosea kiasi hicho."

"Lakini mayo..."

"Nitakwenda boma na nitasema kweli. Kweli inahitaji pombe?"

Walikwenda. Matildah na mumewe walitangulia, Eneless akafuata mbali nyuma, macho kwenye vidole vya miguu yake. Ofisini aliketi sakafuni, akaufunika uso kwa kitenge na kuuelekeza ukutani. Bwana wa boma alikuwa kijana wa Kizungu, mgeni bado, pua imebabuka kwa jua. Karani wake, Kingsley, alikuwa mtu wa kusini. Alitafsiri vizuri, neno kwa neno, wala hakuongeza lake.

"Mama, mtazame mtu huyu. Unamjua?"

Eneless alishtuka kama aliyeambiwa avue nguo. "Siwezi kumtazama."

"Jina lake nani?"

"Jina lake halipiti kinywani mwangu."

Watu mlangoni wakaguna kwa kuridhika, wao walielewa. Mzungu akaweka kalamu chini.

"Umewahi kuonana naye?"

Eneless akajiweka sawa. Hapa ndipo mahali pa kumsifia mkwewe mbele ya serikali, nalo neno alikuwa nalo, sifa ambayo si kila mama mkwe wa ufuo ule angeweza kuitoa.

"Sijamwona hata siku moja," akasema kwa sauti kubwa, ili mpaka wa nje wasikie. "Tangu aje. Hata kivuli chake hakijanikanyaga."

Kingsley akatafsiri. Mzungu akaandika.

"Bwana!" Matildah akapiga magoti. "Hiyo ni heshima! Anasema mume wangu ni mtu mwema!"

"Mama yako amemkana mbele yangu," Kingsley akafasiri jibu, bila kuinua macho. "Tena bwana anauliza: mke humfuata mume. Huyu, kama kweli ni mumeo, mbona amekufuata wewe?"

Kisha Mzungu akapiga muhuri: Ngosa arudishwe kwao.

Siku ya mashua ya serikali Matildah alifunga mzigo wake. Ngosa aliufungua, akaukunjua mkeka na kuurudisha mahali pake. Eneless alikuwa nyuma ya ukuta, akawasikia.

"Mutoto ya batu siwezi kumwiba," alisema Ngosa kwa Kiswahili chake cha Katanga. "Mama hajakupana kwangu bado, hajaniingiza. Nikuondoe namna gani?"

"Mama atakubali. Muulize."

"Nitamuuliza na mudomo gani?"

Eneless akaweka kiganja ukutani. Udongo ule mkwewe aliukandika mwenyewe. Angeweza kusema neno kutoka pale alipo, nenda naye mwanangu, nenda naye, lakini akabaki kuupapasa udongo. Alisikia nyayo zikitoka, akasikia mwanawe akilia, na ndipo miguu yake ikaamka.

Alikimbia. Wanawake wakashangaa, kitenge kimeshuka mabegani, kichwa wazi, mama mzima anamkimbilia mkwe! Mashua ilikuwa imeshaunguruma. Ngosa alikuwa kati ya matarishi wawili.

"Ngosa!" Jina likamtoka kwa mara ya kwanza, geni mdomoni. "Ngosa mwanangu, geuka!"

Kijana alisikia. Lakini ufuo ulijaa watu, naye hakuwa tayari kumwaibisha mama mkwe mbele ya watu wote hao. Aliinamisha kichwa, akachutama ndani ya mashua na kuuelekeza uso majini, kama siku zote. Eneless aliona kisogo na fulana iliyochanika begani. Mashua ikaenda navyo.

Baadaye Matildah alirudi boma kuomba upya. Akaambiwa amlete mumewe aulizwe. Akasema mmemwondoa ninyi. Akaambiwa, basi akipatikana.

Ulezi ukavunwa, Mpundu akarudi, pombe haikupikwa. Kwenye baridi Matildah akajifungua mtoto wa kiume. Nsama ndiye aliyempokea na kumwogesha, akamtoa nje kwenye mwanga na kupiga vigelegele.

"Jamani, Ngosa huyu! Pua, paji la uso, hata masikio! Hakuacha kitu!"

Wanawake wakacheka, wakakubaliana. Eneless, aliyekuwa akipepeta unga kando, akainuka polepole.

"Kweli?" akamuuliza bintiye. "Ndivyo alivyo?"

"Ndivyo, mayo."

Akampokea mtoto. Mkono wake ukapanda wenyewe kuvuta kitenge usoni, ukafika shavuni, ukasimama. Akaushusha, akatazama.