Bibi Kimya na Flashi ya Mtumba

Taratibu alikuwa amepiga magoti nyuma ya Bibi Kimya, vibanio vya nguo viwili mdomoni, cha tatu akikibana kwenye mgongo wa gauni ili kiuno kikae sawa. Bibi Kimya alikuwa sanamu wa dukani, mwembamba, hana kichwa, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umepotea tangu duka lilipohamia jengo hili. Ukimtazama kwa mbele, gauni la harusi lilimkaa kana kwamba alishonewa yeye. Ukimzunguka kwa nyuma, alikuwa kamba ya kuanikia nguo.

Taratibu akarudi nyuma ya kamera, akashusha pumzi, akabonyeza.

Picha ikatoka nyeusi tii. Flashi ilikuwa pale pale kwenye stendi yake, chini ya mwavuli mweupe, imetulia kana kwamba si yenyewe iliyoitwa. Akabonyeza tena, ikawaka vizuri, gauni likang'aa. Akabonyeza mara nyingine. Giza.

"Imegoma?" wifi yake akauliza kutoka mlangoni.

"Haijagoma. Inafikiri."

"Basi mmepatana, wewe na hiyo flashi."

Wifi huyu alikuwa dada mkubwa wa mume wake, mwenye duka la kukodisha magauni ya harusi. Ndiye aliyempa jina la Taratibu, wiki ile ile alipoolewa, alipomkuta anapanga vikombe kabatini, vishikio vyote vikitazama upande mmoja. Jina likashika ukoo mzima, hata mama mkwe akalichukua, na mwenyewe aliona halina ubaya wowote. Alikuwa mtu wa taratibu kweli.

Chumba hiki cha nyuma kilikuwa stoo ya maboksi na henga zilizovunjika, na wifi alikuwa amemwachia ajifunzie upigaji picha. Nyumbani hapakuwa na nafasi. Alianza kujifunza kwenye meza ya jikoni, akipiga picha yai moja jeupe juu ya kitambaa cheupe, mwanga huku, mwanga kule, siku baada ya siku, mpaka mume wake akauliza kwa upole kama lile yai bado linalika au limeshaajiriwa. Kisha wifi akamhurumia, akampa ufunguo wa stoo.

Sasa mama mmoja mwenye mashine za kudarizi alikuwa anakitaka chumba hicho hicho. Kesho asubuhi angekuja na futi yake kukipima. Wifi hakuwa mtu mbaya, lakini duka ni duka. Alikuwa amesema wazi, tena bila kupandisha sauti: kabla sijafunga leo, nipe picha moja ya kutundika dirishani, picha itakayomfanya bibi harusi apunguze mwendo. Ukiipata, chumba ni chako, utapiga magauni yote yaliyomo humu, na wavaaji wake baadaye. Usipoipata, nitaingiza mashine, na tutabaki mawifi vile vile.

Kwa hiyo Taratibu hakuwa akicheza. Jua lilikuwa limeanza kuteremka upande wa pili wa jengo, na mpaka sasa hakuwa na picha hata moja ya kumwonyesha mtu.

Si kwamba alikurupuka kununua vifaa. Alichukua muda mrefu kuchagua, kama mtu anayechagua godoro. Kwanza alifikiria zile taa zinazowaka muda wote, kwa sababu unaona mapema kitakachotokea. Akaazima moja, akakuta ile ya bei ndogo ina nguvu haba mno. Mtu akitikisika kidogo, picha inatoka na ukungu. Akafikiria zile flashi kubwa za kuchomeka ukutani. Hizo zina nguvu, lakini ni nzito, na umeme wa jengo hili ulikuwa na tabia ya kuondoka bila kuaga. Mwishowe akanunua flashi ndogo ya betri, ile inayokaa juu ya kamera, mtumba, kutoka kwa mpiga picha wa harusi aliyekuwa anabadilisha vifaa. Haikuwa na akili ya kujiendesha. Nguvu yake unaipandisha na kuishusha kwa kidole: yote, nusu, robo. Yule muuzaji alimwambia usilione hilo kama kasoro. Flashi isiyokuamulia itakufundisha.

Akaongezea stendi, mwavuli, na rimoti ya vipande viwili: kimoja kinakaa juu ya kamera, kingine chini ya flashi, na ukibonyeza vinasemezana hewani bila waya. Taa ya pili hakununua. Alibandika karatasi nyeupe kwenye kipande cha boksi, akakisimamisha upande wenye kivuli kirudishe mwanga.

Matatizo ya mwanzoni aliyatatua. Kwa mfano, kuna siku picha zote zilitoka na mkanda mweusi kwa chini, na wifi akasema sasa umemkata na miguu, maskini, na mkono hana. Taratibu alijaribu kasi za kamera moja baada ya nyingine, akagundua kwamba pazia la ndani ya kamera lilikuwa linafunga kabla flashi haijamaliza kazi yake. Akapunguza kasi mpaka sehemu moja ya mia moja ishirini na tano ya sekunde, na miguu ikarudi.

Lakini tatizo la sasa halikuwa na mpangilio. Mara inawaka, mara haiwaki. Alibadilisha betri. Akasafisha vile vyuma vidogo vya chini kwa ufutio. Akasogeza stendi karibu, kisha mbali. Kila kitu alikijaribu peke yake, asije akavichanganya asijue kipi kilisaidia, na hakuna kilichosaidia.

Wifi yake alikuwa ameshapata mkosaji. Mtumba ni mtumba, alisema, yule bwana wa harusi amekuuzia mgonjwa. Taratibu akatikisa kichwa. Mtu yule aliiwasha flashi mbele yake mpaka macho yakamwuma, tena akampa na mfuko wake. Hakuona sababu ya kumweka hatiani bado.

Akafanya jambo ambalo wifi yake aliliona la ajabu kuliko yote. Aliweka kamera chini, akakaa juu ya boksi, akaikodolea macho flashi bila kuigusa.

Wakakaa hivyo. Wifi akaanza kupanga henga. Ghafla flashi ikawaka, chumba kizima kikawa cheupe, henga zikaanguka.

Hakuna aliyekuwa amebonyeza chochote. Wote wawili wakageuka kumtazama Bibi Kimya.

"Mkono anao mmoja tu," Taratibu akasema, "na hauko karibu."

Hapo, kutoka ng'ambo ya ukuta wa mbao, ikasikika sauti nene: "Mwingine!"

Huyo alikuwa jirani, mpiga picha za pasipoti na vitambulisho. Kwa kuwa kutwa alikuwa akiita wateja wake hivyo, watu wote wa ukumbi huo walimwita Bwana Mwingine, na wachache walikumbuka kama alikuwa na jina jingine. Viti vikakwaruza sakafu, sauti ikamwambia mtu akae sawa atazame mbele, na papo hapo flashi ya Taratibu ikawaka tena.

Wifi akakunja mikono ya blauzi. Alisema alijua tu. Siku hizi mbili tatu yule bwana hasalimii, anapita ukumbini kama mwenye jino bovu. Anaogopa kunyang'anywa wateja, ameweka kitu cha kutuharibia, na sasa hivi atanieleza. Alikuwa ameshafika mlangoni Taratibu alipomshika mkono, akamwomba amsubiri kidogo. Kama ni mtego, hautakimbia. Kwanza wajue ni kitu gani.

Ukuta ule haukufika darini, na mwanga wa jirani uliweza kuruka juu yake. Flashi ya Taratibu ilikuwa na jicho jekundu kwa mbele. Ukiliwasha, flashi hujibu inapoona flashi nyingine. Alikuwa na hakika amelizima, lakini hakika nayo inajaribiwa. Akachukua kitambaa cheusi kizito, akaifunika flashi yote mpaka chini, akasubiri.

"Mwingine!"

Chini ya kitambaa mwanga ukapasuka, ukaonekana kwenye pindo.

"Haioni," Taratibu akasema polepole. "Inasikia."

Wifi akamtazama yeye, akaitazama flashi, akashusha mikono ya blauzi. Taratibu akatoka kwenda mlango wa jirani, naye akamfuata nyuma.

Chumba cha Bwana Mwingine kilikuwa na kiti kimoja, pazia la bluu, na leo, fundi umeme aliyelala kifudifudi kando ya ukuta. Kijana mwenye tai alikuwa kitini, macho yamemtoka. Bwana Mwingine hakuwangoja waseme. Aliwaomba radhi, akasema leo hana muda, taa yake imeingiwa na wazimu. Inawaka yenyewe, hata akiwa anakunywa maji. Wateja wanashtuka, wakija kupigwa kweli wanafumba macho. Mzee mmoja pasipoti yake imetoka anapiga mwayo. Soketi imeshabadilishwa, na iliyobadilishwa nayo imebadilishwa.

Taratibu alikuwa haangalii soketi. Alikuwa anaangalia juu ya kamera ya Bwana Mwingine, palipokaa kidude cheusi kama pacha wa cha kwake.

Aliuliza amekinunua lini. Juzi juzi, jamaa akajibu, duka la kona. Waya wa zamani ulikuwa unawakwaza wateja, mama mmoja alikaribia kuondoka na stendi mguuni. Taratibu naye alinunua duka hilo hilo. Akamweleza bila haraka kwamba rimoti hizi zikitoka kiwandani zote zimewekwa chaneli moja, na wao wawili hawakuwa na habari. Wewe ukibonyeza, flashi yangu inaitika. Mimi nikibonyeza, yako inaitika. Halafu yangu ikishakuitikia wewe, inabaki inajaza pumzi, na mimi nikija kuiita naikuta tupu.

Bwana Mwingine alikuna shingo.

"Kwa hiyo nimemlaumu fundi wa watu bure."

"Nimesikia," fundi akasema kutoka sakafuni.

Kijana mwenye tai akacheka, na Bwana Mwingine akaicheka picha ya mzee wa mwayo, kisha akageuka kwa Taratibu, uso umelegea. Alisema alidhani taa za chumba cha pili ndizo zinazovuta umeme wake, akaona aibu kwenda kumlalamikia mwanamke anayeanza kazi, basi akawa anapita bila kusalimia. Wifi akapata shughuli ya kulichunguza pazia la bluu.

Bwana Mwingine alikuwa na wateja kwenye foleni, kwa hiyo Taratibu akasema yeye ndiye atakayehama chaneli. Vijiti vidogo vya kuchagulia chaneli vilikuwa chini ya kifuniko cha betri. Akarudi chumbani, akavisogeza kwa ncha ya pini, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

"Hongera," wifi akasema. "Sasa haisikii mtu yeyote."

Taratibu akaangalia mikono yake, akatabasamu. Alikuwa amebadilisha kipande cha kwenye kamera, kile cha chini ya flashi amekisahau chaneli ya zamani. Akakibadilisha. Wakasubiri wote wawili bila kupumua.

"Mwingine!"

Flashi ikatulia tuli. Taratibu akabonyeza, ikawaka, na ng'ambo ya ukuta hakuna aliyeshtuka. Bwana Mwingine akagonga mbao mara mbili, kwamba huku shwari.

Lakini bado picha haikuwapo. Nje wenye maduka walikuwa wameanza kuteremsha mageti ya bati, na wifi alikuwa ameliteremsha lake nusu. Picha ya kwanza ilikuwa safi, imewaka yote, na haikuwa na maana: gauni la lesi jeupe lilitoka kama shuka lililopigwa pasi. Taratibu akaitazama, akakumbuka yai. Yai pia lilikuwa karatasi tu mpaka mwanga ulipolijia kwa ubavuni.

Akabeba stendi, akaizungusha mpaka ikawa karibu sambamba na bega la Bibi Kimya. Akashusha nguvu hadi robo. Akampa wifi yake kile kipande cha boksi jeupe, akamwomba asimame upande wa pili. Sogea. Zaidi. Rudi kidogo. Inamisha.

"Miaka yote hii mwenye duka," wifi akasema, "leo nimekuwa stendi."

"Stendi huwa hazisemi."

Akabonyeza.

Wifi aliweka boksi chini, akaja kuangalia kwenye kioo cha kamera. Safari hii kila ua la lesi lilikuwa na kivuli chake chembamba, shanga za kifuani zilisimama moja moja, na mkunjo wa sketi ulishuka kama maji yanayomiminwa. Mkono uliopotea ulikuwa upande wa kivuli, hakuna ambaye angeuulizia. Wifi akaomba aikuze. Akaomba aikuze tena, kwenye bega.

"Gauni hili nimelifua kwa mikono yangu sijui mara ngapi," alisema. "Sikujua lina majani hapa."

Akachukua simu, akatoka ukumbini, na Taratibu akamsikia anaongea na mama wa mashine za kudarizi, akimpa pole nyingi, akimwambia asihangaike kuja na futi kesho, lakini ghorofa ya juu kuna chumba chenye dirisha zuri kuliko hiki, na atamsindikiza mwenyewe kuzungumza na mwenye jengo.

Aliporudi alikuwa na sauti yake ya siku zote.

"Yamebaki magauni kumi na moja. Kwa mwendo wako, tutamaliza wajukuu zangu wakiolewa."

Taratibu alikuwa ameshalitundika mlangoni linalofuata, lile lenye mkia mrefu. Mkia ulitoka chumbani, ukakata ukumbi, ukaishia karibu na mlango wa Bwana Mwingine. Karatasi ya kutandaza nyuma ya gauni isingetosha hata nusu, na mwavuli mmoja ungeumulika mwanzo ukauacha mwisho gizani. Akaupima kwa macho, akaona maboksi yatabidi yahame, na flashi ipande juu zaidi, labda imulike dari badala ya gauni. Labda. Hilo la kesho.

Akatoa betri, akazichomeka kwenye chaji. Kisha akapiga magoti tena, akachana utepe wa karatasi, akabandika alama kwenye sakafu, moja kwa kila mguu wa stendi, nyingine pale alipokuwa amesimama wifi, na ya mwisho mlangoni, kwa ajili ya kesho. Wifi, mkono kwenye swichi ya taa, akamwuliza kama na yeye kesho anatakiwa kusimama kwenye alama.

"Ile ya mlangoni," Taratibu akasema. "Na uje na viatu vya chini."