Mafiga ya Uwanda wa Shileri

Ukoo mzima ulikubaliana kwamba Bestun ana kipaji kimoja tu, nacho ni kubeba birika. Lilikuwa birika jeusi kwa masizi, limefungwa nyuma ya shanta lake, na kila akipiga hatua liligonga kama kengele ya beberu.

"Kaka, nyamazisha hiyo kitu," alisema Shno, mdogo wake, aliyekuwa akipanda nyuma yake. "Dubu watadhani tumekuja kuwatilia chai."

"Waje. Nitawapa wewe uwe kitafunio."

"Watakutema wewe kwanza. Una harufu ya soksi."

Walicheka, lakini kwa Bestun kicheko hicho kilikuwa na mwiba ndani. Mama yao hakutaka Shno aje. Tangu baba yao afariki, binti huyo hakuruhusiwa kwenda mbali kuliko duka la mikate, na Bestun alibembeleza mpaka ulimi ukamkauka. Mwishowe mama alikubali, akamshika kidevu kama mtoto. "Nakukabidhi. Unavyomtoa hapa mzima, ndivyo utakavyomrudisha." Bestun akajibu kwa mzaha, kama kawaida yake, kwamba atamrudisha na chenji. Mama hakucheka.

Basi Ijumaa hiyo ya mwezi wa tano walikuwa njiani kwenda Uwanda wa Shileri, wao na kundi la wapanda milima la Mwalimu Ferhad. Zamani uwanda huo ulijulikana na wachungaji na mbuzi wao tu. Sasa, tangu picha zianze kusambaa kwenye simu, mji mzima wa Hewler ulitaka kupigwa picha pale, miguu ndani ya maua na kilele chenye theluji nyuma. Maua yenyewe, shileri, ni mekundu, yamening'inia vichwa chini. Wazee husema yanalia. Bestun alisema yanatafuta simu yaliyoiangusha.

Mwalimu Ferhad alikuwa na sheria moja, na aliisimamia kuliko sala. "Atakayevunja ua, hata moja, atabeba takataka za kundi zima mpaka chini." Tena hakuwa mtu wa kutania. Mwaka uliopita alimbebesha mkwewe mwenyewe.

Walipofika ukingoni mwa uwanda, Mwalimu alisimama, akapepesa macho huku na huku.

"Mawe ya rangi yako wapi?"

"Labda bado hatujayafikia," mmoja akasema. "Theluji imechelewa kuyeyuka mwaka huu."

"Labda," Mwalimu akakubali. "Basi yako mbele huko. Tunywe chai kwanza."

Upepo ulikuwa mkali, lakini mbele kidogo, nyuma ya mwamba, walikuta mafiga yamepangwa tayari, meusi kwa moto wa watu waliotangulia, na pembeni ukuta mfupi wa mawe wa kuzuia upepo.

"Mungu awarehemu wazazi wa aliyepanga haya," alisema Bestun, akitua shanta. "Huyu ni mtu aliyelelewa."

Akawasha vijiti vya mwaloni, akateleka birika. Shno hakutulia. Ng'ambo kidogo, katikati ya maua, alikuwa ameona rewasi, yale mabua machachu ambayo kwao huliwa kwa chumvi mpaka meno yanakufa ganzi.

"Kaka, naenda kuchuma rewasi."

"Nenda. Ila ukivunja ua, nitaongeza makopo kwenye ule mfuko wa takataka makusudi."

Akaenda kwa ncha za vidole, suruali ameipandisha, akiruka kutoka jiwe hadi jiwe, kutoka kipara cha udongo hadi kingine, kama paka anayevuka sakafu iliyodekiwa sasa hivi. Bestun alimtazama akacheka. Hakuna shileri hata moja iliyotikisika.

Birika likayumba. Figa moja lilikuwa halijakaa sawa, Bestun akalisukuma kwa kijiti alirekebishe, likapinduka. Upande wa chini, ambao moto haukuufikia, nusu ilikuwa nyeupe na nusu nyekundu.

Alikaa akilitazama. Kisha akatoa kisu, akakwangua masizi ya figa la pili. Jekundu. Akatambaa mpaka kwenye ule ukuta wa upepo, akageuza jiwe la juu. Vivyo hivyo.

"Mwalimu," aliita. Sauti haikuwa na utani ndani yake, na kwa sababu hiyo tu kila mtu aligeuka.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kwao mtoto hulijua hilo kabla ya herufi: upande mweupe ni wako, upande mwekundu ni wa mabomu ambayo vita viliyatega ardhini na kuyasahau. Mpaka ulikuwa hapahapa. Mtu fulani aliyelelewa vizuri aliuokota jiwe kwa jiwe, akaupikia chai.

"Shno!" Bestun alipiga ukelele. "Simama hapo hapo! Usiinue mguu!"

Shno alicheka kule alikokuwa, rewasi zimejaa kwapani. "Sijavunja hata moja! Njoo uhesabu!"

"Shno, mawe ya rangi ndiyo haya. Tumeteleka birika juu yake."

Ilimchukua muda. Kisha rewasi zikaanguka.

Mwalimu alikuwa ameshapiga simu kwa wateguaji wa mabomu. Walikuwa mbali, chini barabarani, na kupanda kungewachukua mpaka alasiri. Yule aliyepokea alitaka kusema na ndugu wa msichana, Mwalimu akampa Bestun simu.

"Asiingie mtu kumfuata," sauti ilisema. "Muulize kama anaziona nyayo zake. Akiziona wazi, arudi juu ya zile zile. Asipoziona, asisogee."

"Shno, tazama nyuma yako. Unaona ulipokanyaga?"

Alitazama. Maua yalisimama yote, kila moja limeinama jinsi lilivyoumbwa. Laiti angekuwa mtoto mtundu, pangekuwa na njia ya mashina yaliyopondeka mpaka miguuni pa kaka yake.

"Sioni kitu, kaka. Nilikanyaga kwa adabu."

Mwalimu Ferhad alisikia, akakaa chini, akajifunika uso kwa viganja.

"Basi msemeshe," sauti ya simu iliagiza. "Asichutame, asihangaike. Msemeshe tu."

Kuongea ndiko Bestun alikokujua. Alimsemesha.

"Shangazi Piroz akisikia umesimama kutwa bila kumsengenya mtu, atakuja umfundishe."

"Wewe huchekeshi leo."

"Lini nilichekesha?"

"Kaka, nimebanwa na mkojo."

"Kojoa tu. Hayo maua yameinama, hayakuoni."

Alicheka na kulia kwa pamoja, na miguu yake ilianza kutetemeka mpaka Bestun akaiona kutoka pale alipo. Wingu lilishuka, likapita. Bestun alimwimbia, akamtukana, akamkumbusha ugomvi wao wote tangu utotoni. Mzaha ulipomwishia alibaki anarudia jina lake.

Ndipo ngoma ikasikika. Kwenye mgongo wa mlima, upande wa pili wa uwanda, lilitokea kundi jingine, wameshikana mikono, spika inapiga wimbo wa harusi.

"Rudini!" walipiga kelele wote. "Mabomu! Rudini!"

Upepo ulikuwa unawavumia usoni, ukayala maneno. Wale wa ng'ambo waliona watu wanapunga mikono, na milimani anayepungiwa hupunga. Wakapunga. Mwalimu alifungua mshipi wake wa kiunoni, kitambaa kirefu chekundu, akaupeperusha juu ya kichwa kama mwendawazimu. Wakamjibu kwa vigelegele. Kijana mmoja akajitoa mbele, akateremka mbio kuelekea kwenye maua, mikono wazi, simu mkononi.

Mlipuko haukuwa mkubwa. Ulisikika kama mlango wa chuma uliobamizwa.

Shno alikimbia. Alikuja moja kwa moja, akiyaponda maua, na kila mguu wake ulipogusa ardhi Bestun alikufa na kufufuka. Kisha alikuwa kifuani kwake, mzima, ana vidole vyote, ananuka rewasi.

Simu ilikuwa imeanguka nyasini, inaongea. "Halo! Nimesikia mlipuko! Ni dada yako?"

Bestun aliiokota. "Si yeye!" alipaza sauti. "Si yeye! Alhamdulillahi! Ni mtu mwingine! Ni mtu mwingine tu!"

Ilikuwa sauti ya mtu aliye harusini. Wenzake walimgeukia. Hakujali, alikuwa anacheka, machozi yanamwingia mdomoni.

Shno alijichomoa mikononi mwake, akamtazama kama anayemtafuta ndani ya umati. Kisha akaugeukia uwanda. Ng'ambo spika ilikuwa bado inapiga. Wenzake yule kijana walisimama juu ya mteremko, hakuna aliyethubutu kushuka, na mwanamke mmoja alikuwa ameshikwa na watu wawili asijitupe chini. Upepo uliowanyima wale onyo, upande huu uliwaletea Bestun na wenzake kila kitu.

"Twana," mwanamke alikuwa anaita. "Twana, mwanangu, nijibu."

Kutoka kwenye maua, Twana alikuwa anajibu.